Karanga za Fulgensi

Mimi si mtu wa kudanganywa. Mume akiacha pombe leo, kesho akaanza kuchelewa kurudi, kuna kitu. Na Fulgensi aliacha kweli, sibishi. Siku ya kipaimara cha binti yetu alianguka mtaroni na suti yake mpya mbele ya padri, na tangu siku hiyo miezi minne ilipita bila kugusa tone. Nilimshukuru Mungu. Halafu nikaanza kumchunguza.

Kutoka mashine ya kukoboa mpunga anakofanya kazi hadi kwetu ni robo saa kwa miguu. Yeye alikuwa anatumia saa nzima. Nikimuuliza, anasema foleni ya magunia. Nilikwenda mashineni nikakuta wamefunga zamani. Nikanusa shati lake: pumba tu. Nikapekua mifuko: maganda ya karanga. Jumatatu karanga, Jumanne karanga. Mwanamume ambaye nyumbani nikimkaangia anasema zinamkwama kooni! Sasa huko nani alikuwa anamkaangia?

Nilishindwa kula. Alhamisi nikajitanda khanga, nikamfuata kwa mbali. Akaiacha njia yetu, akakata kushoto mpaka relini, mzunguko wa mtu asiye na haraka ya kwake. Karibu na reli kuna binti anaitwa Gladness, anauza karanga kwenye ungo. Fulgensi akanunua, binti akacheka, moyo wangu ukalipuka. Lakini hakukaa. Akaendelea peke yake kando ya reli, anatafuna, midomo inacheza kama anayesali rozari. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nikasema, kumbe wana akili, wanajua kujificha.

Alipofika nilikuwa mlangoni.

"Kesho unapita njia yetu ya siku zote," nikamwambia. "Robo saa uwe hapa. La sivyo nafungasha, narudi kwetu Mahenge na binti yangu."

Akaniangalia. "Aurelia, ile njia..."

"Ile njia ina nini? Si ndiyo inapita kwa mama mkubwa? Au hutaki ndugu zangu wakuone unakotoka?"

Akakung'uta pumba begani. "Basi," akasema. "Nitapita."

Usiku ule nililala vizuri kama mshindi.

Kesho yake robo saa ikapita, nusu saa ikapita, jua likaanza kushuka. Nikatoka na hasira zangu, nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia Gladness. Sikufika relini. Niliisikia sauti ya mume wangu kwa mama mkubwa Merina, dada wa marehemu mama yangu, anayepika pombe ya komoni pale njiani. Ilikuwa ile sauti ya zamani, ya juu, inayocheka kabla ya kichekesho.

"Shikamoo, mama mkubwa," nikasema nikiingia.

"Marahaba, mwanangu! Njoo ukae. Leo nimefurahi. Mkwe wangu alikuwa amenitupa, miezi minne hapiti hapa. Nikadhani nimemkosea. Nimemwona tu, nikampelekea kopo mwenyewe kwa mikono miwili."

Kwetu mkwe haachi kopo la mama mkwe likining'inia hewani. Anayelikataa amemkataa yule mama na ukoo mzima, na litasemwa mpaka misibani. Hilo nililijua tangu utoto. Lilikuwa halijawahi kunijia kichwani hata mara moja katika siku zote nilizokuwa nanusa mashati.

Nilimshika Fulgensi mkono, tukatoka. Alikuwa anayumba.

"Nesi wa zahanati ndiye aliniambia," akasema. "Alisema kiu ina mahali pake na saa yake. Nikipita pale, mwili unajua. Basi nisipite. Na mdomo niupe kazi nyingine, ndiyo hizo karanga. Hata sizipendi. Nilikuwa nahesabu mataruma, yale magogo ya chini ya reli, mpaka saa yake ipite."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje kwamba namkimbia mama yako?"

Nilimkokota mpaka nyumbani. Nilimvua viatu, nikamlaza. Alfajiri nikaenda kwa mama mkubwa kabla hajawasha moto, nikapiga magoti, nikamwomba asimpe mume wangu kopo tena hata akiliomba mwenyewe. Aliingia ndani akafunga mlango, na nikajua atakaponisema kwa ndugu hatasema nusu.

Niliporudi, Fulgensi alikuwa amekaa kitandani, macho mekundu. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

"Jioni nipite wapi?" akaniuliza, na alikuwa anasubiri kweli nimpangie.

Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.