Kitabu Kisichoazimwa

Muuza karanga wa Majengo alichana ukurasa wa kitabu, akaukunja mfano wa pembe, akamimina. Nilimshika mkono kabla hajampa mteja.

"We dada, una wazimu? Nunua zako!"

Nilinunua zote. Nikamwaga karanga kwenye mtandio, nikanyoosha karatasi moja moja. Nilipata kumi na moja. Kitabu kizima kilikuwa na zaidi ya mia.

Ilikuwa mwaka 1994. Nilikuwa na stashahada ya ukutubi na sikumwogopa mtu. Kila Jumatatu nilibandika kwenye ubao wa maktaba yetu vijihabari vya waandishi maarufu: nani aliandika amesimama, nani alichoma mswada wake, nani aliogopa paka. Wasomaji walicheka, kisha wakauliza, "Wa kwetu je?" Nikawaandikia juu ya Mzee Yotham, fundi mikokoteni wa Kizota, aliyeandika riwaya ya njaa ya Ugogo upande wa nyuma wa karatasi za mifuko ya saruji. Mchapishaji wake alishafilisika. Nakala yetu aliileta mwenyewe, na ndiyo pekee iliyobaki. Nikatangaza kwamba Jumamosi angekuja kutusomea.

Alhamisi, nikiwa Ipagala namuuguza mama, likafika kontena la vitabu vya msaada. Bwana Sostenes, mkuu wetu, akaamuru kila kitabu kisicho na muhuri wa kuazimwa kwa miaka mitatu kiondolewe. Vikauzwa kwa kilo sokoni, na cha Mzee Yotham kikiwemo. Niligundua asubuhi ya Jumamosi yenyewe, nikamvamia ofisini.

"Ni soko huria, Anyesi. Kisichotoka hakina wateja. Karatasi yake ya tarehe za kuazima ilikuwa nyeupe pee!"

"Na hivi vyako vya kuteleza kwenye theluji? Nani atateleza hapa Dodoma?"

"Kiingereza ndicho kinacholipa, dada."

Nilimtukana kwa Kiswahili safi, kisha nikakimbilia Majengo. Sijuti hata neno moja. Ila njia nzima nilijua kwa nini karatasi ile ilikuwa nyeupe. Kitabu kile nilikiweka rafu ya nyuma ya meza yangu, kisiibwe. Aliyekitaka alikisoma palepale, mbele ya macho yangu, akanirudishia.

Saa nne Mzee Yotham alifika na koti lake la kanisani. Watu walikuwa wamejaa maktaba, wengine wamesimama. Nilimvuta pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kitabu kiko wapi, mwanangu?"

Nilimkabidhi karatasi zile, nikamweleza yote, na habari ya rafu yangu pia. Nilingoja amlaani Sostenes. Nilikuwa tayari kumsaidia.

Alipangusa chumvi ya karanga kwa kidole gumba. "Kwa hiyo tangu niwaletee, hakijalala nyumbani kwa mtu hata usiku mmoja?"

"Hapana, baba."

Alinirudishia karatasi, akafunga vifungo vya koti, akaenda mwenyewe kuwaambia waliokuwa wakisubiri kwamba siku hiyo hakuna kusomewa.