Keki ya Baba Mkwe

Winfrida alisikia kikohozi nyuma ya migomba, akatoka njiani. Hakukimbia wala hakushtuka. Aliingia kwenye majani yaliyolowa umande hadi magotini, akaugeukia ukingo wa udongo mweusi, akaushika mkungu wa ndizi mbivu kichwani kwa mkono mmoja na kusubiri. Buti za mpira zikapita nyuma yake, chwaka, chwaka, na fimbo ikizifuata. Zilipokuwa mbali alirudi njiani, akaendelea na safari yake ya kwenda barabarani kutafuta usafiri wa Tukuyu.

Ndivyo alivyokutana na baba mkwe wake kwa miaka kumi na minne. Kwa Wanyakyusa wanaoshika ya wazee, na mzee Asajile alikuwa ameyashika kwa mikono miwili, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Haingii nyumbani kwake, hali naye, na jina lake halitamki hata likiwa la mtu mwingine. Wakikaribiana njiani, mmoja anakohoa na mwingine anapisha. Watu wa mjini wakisikia hucheka. Wacheke tu, zipo nyumba za mjini ambako kikohozi cha namna hiyo kingeokoa ndoa. Winfrida alimjua mkwewe kwa buti, kwa pindo la koti refu, kwa sauti ya kukemea mbuzi nyuma ya ua. Uso wake hakuwahi kuuona, na kusema kweli hakuwahi kuuhitaji.

Mumewe, Jacob, aliuawa mwaka uliopita na lori la ndizi lililokosa breki mteremkoni. Siku ya maziko wanawake wa Lufingo, kijijini kwao, walimzunguka Winfrida, wakamwimbia, wakamshika mabega, wakamngojea alie. Hakulia. Alikaa kwenye mkeka anautazama moshi wa jikoni kama mgeni aliyekosea msiba. Watu hawakosi la kusema: wengine walisema ana roho ngumu, wengine wakasema labda ana lake alilolijua. Hakuwa na roho ngumu na hakuwa na lake. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Mguu uliokaliwa vibaya mtu huunyoosha ukaamka; yeye hakujua anyooshe nini.

Msiba ulipokwisha, ukoo ulikaa. Andrea, mdogo wake Jacob, alitaka migomba ya chini ing'olewe, yapandwe maparachichi, na mjane arudi kwao Masoko na watoto wake wawili, Tulia na mdogo wake. Winfrida aliusikiliza uamuzi akiwa nje ya ukuta, kama ilivyopasa.

"Mke wa Jacob atakaa," ilisema sauti ya mzee Asajile. "Maadamu ananiheshimu kama alivyoniheshimu mumewe akiwa hai, ile migomba ni yake na wanawe. Siku atakayonivunjia heshima, tutakaa tena."

Andrea aliyashika yale maneno ya mwisho na kuyaweka. Tangu siku hiyo akikutana na shemeji yake humsalimu kwa tabasamu refu, tabasamu la mtu anayesubiri zamu.

Sasa, duka. Tukuyu yote ilikuwa inazungumzia duka. Shefu Doreen, yule wa kwenye televisheni, ambaye akikoroga unga mikoa yote inatazama, alikuwa amepanga fremu katikati ya wauza mbegu na wauza mabati, akaipaka rangi ya waridi nje na ndani, akatundika taa tano. Angeuza kapkeki: vikeki vidogo ndani ya vikombe vya karatasi, vyenye krimu iliyosokotwa juu. Mama yake Doreen alizaliwa huku, yeye akazaliwa na kukulia Dar es Salaam, na aliwaambia watu wa kamera kwamba amerudi nyumbani. Fikirini, fundi cherehani wa fremu ya jirani, alichungulia dirishani siku tatu mfululizo, na siku ya nne akauliza, "Samahani dada, hivi ni vya kula au vya kuvaa?"

Winfrida alifika pale kuuza ndizi, akabaki kuoka. Alikuwa mwokaji tangu usichana, wa mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na oveni ya umeme haikumtisha. Alipima unga asikosee, akaponda ndizi, akachapa mayai, akajaza vikombe sawasawa. Doreen alimsifu kwa mikono isiyotetemeka. Siku moja mkono huo ulibaki umeegemea treya ya moto mpaka harufu ya ngozi ikasikika, na Doreen ndiye aliyepiga kelele.

"Dada Winfrida! Huumii?"

"Naumia," alijibu Winfrida kwa adabu, akauondoa mkono.

Wiki ya uzinduzi Doreen alimwita pembeni, macho yakimng'aa. Alitaka kumtukuza mkulima. Kila mtu hutukuza wapishi, alisema, nani humkumbuka mwenye shamba? Mzee mwenye migomba ingewapasa wamkalishe mbele, wampigie makofi, wamlishe keki ya kwanza.

Winfrida alifuta mikono kwenye aproni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Dada Doreen, mzee yule ni mkwe wangu. Akija, mimi nibaki huku jikoni. Mimi na yeye hatuonani."

"Mmegombana?"

"Hapana. Ni heshima. Nikionana naye nimemvunjia heshima, na nikimvunjia heshima sina pa kukaa na wanangu."

"Sawa dada, nimekuelewa kabisa," alisema Doreen, akamshika bega. Hakuwa amemwelewa. Kwao Dar, mkamwana aonaye haya kwa mkwewe husukumwa mbele na mashangazi, hupewa kipande cha keki, humlisha mkwe huku vigelegele vikipigwa, na haya huishia hapo. Doreen alikuwa ameyaona hayo kwenye sherehe mia moja, na keki zenyewe alizioka yeye. Alidhani kumsaidia Winfrida ni jambo dogo sana. Wala hakuwa na ubaya, masikini. Wabaya ni rahisi zaidi kuwaepuka.

Jumamosi hiyo mvua nyembamba ilianza alfajiri na haikukatika. Watu walijaa hata hivyo, miavuli kwa makoti, na muziki ukapigwa. Mzee Asajile alikalishwa kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe. Mkewe, bibi Tulinagwe, alisimama mlangoni akikung'uta kanga. Andrea alikuja pia, simu mkononi, anarekodi. Winfrida alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, anapanga kapkeki kwenye treya. Alisikia kikohozi anachokijua, akasogea mbali na upenyo wa pazia, akaendelea kupanga.

"Ndizi zilizomo humu," Doreen alisema kwenye kipaza sauti, "zimetoka kwa mzee wetu huyu! Mpigieni makofi! Na mnajua nani kazioka? Mkamwana wake mwenyewe! Anaona aibu kutoka, eti. Jamani, tumwite pamoja. Win-fri-da! Aje amlishe baba mkwe wake!"

Vijana walipiga makofi na kuita. Kina mama wa makamo walitazamana. Wazee waliinamia fimbo zao.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Winfrida aliutazama, na mvua nje yake, na ndoo ya maganda ya ndizi. Alijua vizuri kwamba anapaswa kupita hapo. Alijua kwamba migomba, nyumba, na watoto wanaolala chini ya bati lile vinategemea hatua kumi tu za kuelekea huko. Lakini kujua ni kitu kimoja, na mtu aliyekufa ganzi hasukumwi na anachokijua. Jina lake liliitwa kutoka upande huu, na miguu ikaenda upande huu. Aliivuta kanga ya kichwani hadi kwenye nyusi na kutoka.

Aliona sakafu: vigae vyeupe, matope ya viatu, waya wa kipaza sauti. Doreen alimwekea kapkeki mkononi na kumsukuma taratibu mgongoni. Akaona viatu vyeusi vilivyopakwa dawa, vya kanisani, vinamtazama. Kisha vile viatu vikageuka, visigino vikawa upande wake. Mzee alikuwa amesimama na kuelekea ukutani. Winfrida naye akageuka, wakabaki wamepeana migongo, yeye na keki mkononi.

Vijana wachache walicheka. "Jamani, mbona mmenuniana tena?" Doreen aliuliza, naye akicheka.

"Mwe bandu! Enyi watu!" Bibi Tulinagwe alipaza sauti kutoka mlangoni. "Mwanangu, umefanya nini wewe?"

Muziki ulizimwa. Doreen aliwatazama wazee mmoja mmoja, nao hawakumtazama, na kipaza sauti kikashuka polepole mpaka kiunoni kwake. Hapo Andrea alisema, bila haraka, kwa sauti ya mtu ambaye zamu yake imefika:

"Mmeona wenyewe. Amemfuata baba mbele za watu, na keki mkononi. Hapa ninayo yote. Ukoo utakaa."

Winfrida alisikia. Alingoja hofu ije, hata kidogo, hata ile ya kumfanya mtu ameze mate. Haikuja. Aliiona nyumba yake ikiondoka kama mtu anavyoona basi la watu wengine likiondoka.

"Andrea," alisema mzee, bado ameelekea ukutani. "Zima simu hiyo."

"Baba, mimi nasema tu kwamba..."

"Zima."

Simu ikazimwa. Waliomjua mzee Asajile walijua kwamba anayatafuta maneno kwa Kiswahili, maana si wote waliokuwamo walikisikia Kinyakyusa, naye alitaka wote wasikie.

"Siku ile ya kumzika Jacob," alisema, "kila mtu alimpa pole huyu. Majirani walimpa. Mchungaji alimpa. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza, na sikumpa. Nilikaa upande wangu wa kaburi, yeye akakaa wake, tukaheshimiana." Aliweka kiganja ukutani. "Nikasikia watu wanasema halii. Nikasema, mimi mwenyewe nani ananiona nikilia? Mwaka mzima ninapita njiani, nakohoa, yeye anapisha. Wote wawili tumefiwa na mtu yule yule, na tunapishana tu. Nimechoka. Mama Tulia, geuka unitazame. Ukoo ukiuliza, ni mimi nimesema."

"Siwezi, baba," alisema Winfrida. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mkwewe maishani.

"Hata mimi siwezi," alisema mzee. "Tugeuke hivyo hivyo."

Akageuka. Winfrida alisikia viatu vikisuguana na vigae, naye akageuka, akainua kichwa polepole kupitia vifungo vya koti, kola, koo lililokunjamana. Kisha akauona uso.

Alikuwa Jacob. Alikuwa Jacob mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye mvi, mwenye jino moja pungufu, Jacob ambaye yeye aliahidiwa kanisani kwamba atazeeka naye. Masikio yale yale yaliyokaa kama yanasikiliza chumba cha pili. Mdomo ule ule wa chini unaojikunja upande wa kushoto kabla ya kusema jambo gumu. Na macho, Mungu wangu, yale macho. Miezi kumi na moja kila asubuhi alikuwa akitoka njiani na kuupa mgongo uso wa mume wake, akiangalia udongo mpaka upite.

Aliposikia sauti hakujua kuwa ni yake. Ilikuwa sauti nene, ya chini, kisha ikapanda ikajaza duka lile la waridi na kutoka nje mvuani, mpaka kwa Fikirini cherehani ikasimama. "Jacob! Jacob wangu! Umeniacha na nani, Jacob?" Aliumia. Aliumia kila mahali, hata kwenye ule mkono alioungua wiki iliyopita. Bibi Tulinagwe aliweka mikono kichwani na kumwitikia kutoka mlangoni, na wanawake wa makamo, waliokuja kutazama keki, wakaweka mikoba chini na kuitikia nao, maana kilio kile walikifahamu na walikuwa wamekidai tangu mwaka jana. Mshika kamera alimtazama Doreen. Doreen alitikisa kichwa, machozi yakimtiririka, akaziba kioo cha kamera kwa kiganja chake.

Andrea alikuwa ametoka bila mtu kumwona.

Mzee Asajile hakumgusa mkamwana wake. Aliinyoosha tu mikono na kuichukua ile kapkeki kabla haijaanguka, akaitazama, asijue inaanziwa wapi, akaanza na krimu. Alikula polepole akiwa amesimama pale pale, machozi yakifika kwenye masharubu, uso wake ameuacha wazi mbele ya Winfrida. Alipoimaliza alibaki na kile kikombe cha karatasi mkononi, akimsubiri amalize kulia.