Picha ya Mwenye Eda

Mtu anakaa eda ya mumewe kwa adabu zake, hajitii manukato, hachungulii hata dirishani, halafu uso wake unakwenda kutembea Ulaya peke yake. Haya ndiyo yaliyomfika Tahiya wa Bwejuu.

Wifi yake Wanu alikuja kutoka Mpendae, hata baibui hajavua, akamwekea mama yake, Bi Radhiya, simu mbele ya macho. Tahiya alijiona mle: yumo kwenye maji ya magoti, kamba ya mwani begani, anacheka jino la mwisho nje, macho yamepakwa wanja. Picha imewekwa mtandaoni juzi.

"Kumbe sisi tukitoka, na mwenzetu hutoka," Wanu alisema. "Kaka yangu Usi hata udongo haujamkauka."

Tahiya aliapa. Picha ile ya zamani, kabla ya msiba. Kaipiga Hana, yule msichana wa Kizungu aliyekuja kujitolea kwa wakulima wa mwani. Hana hakuwa mbaya, masikini. Ila akiona uso anabonyeza kwanza, kuuliza baadaye, na siku hiyo ya kuuliza haifiki. Sasa keshakwenda kwao, na huko ndiko alikoitundika.

Bi Radhiya, mama mkwe, hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Aliacha tu kula na mkwewe, akaacha na kumsemesha. Nyumba yenyewe ya watu wawili, na eda haijafika nusu. Tahiya kwenda kwa mama yake akalie, hawezi. Kwenda pwani wenziwe wamtolee ushahidi, hawezi. Akitia mguu nje, ndiyo kathibitisha. Alihisi kuta zinamsogelea.

Mwisho akamwandikia Hana amtumie picha yenyewe, na siku aliyoipiga. "Mama," akamwambia Bi Radhiya, "ikija utaona mwenyewe."

Ilipokuja, Bi Radhiya alikuja kukaa kitandani ubavuni pake. Tahiya akafungua simu. Hana kaomba radhi sana, na picha kaituma, siku na saa vimeandikwa juu.

Ilikuwa siku aliyokufa Usi, saa nne asubuhi. Usi alikata roho kabla ya adhuhuri.

Asubuhi ile Usi mwenyewe alimwambia nenda, homa imepungua, bamvua hili la maji kupwa sana likipita, mwani utaharibika. Akaenda. Hana akateleza, akaanguka chubwi na begi lake, wanawake wakavunjika mbavu, naye mle mle majini, simu juu mkononi, akabonyeza. Na huku nyumbani Bi Radhiya kampakata mwanawe kichwa, anamtamkisha shahada. Kila aliyekuja kutoa mkono wa taazia aliambiwa na mama huyu huyu: mkwe wangu msimlaumu, alikwenda pwani machozi yanamtoka.

Aifute? Basi kavunja eda, na jina hilo atazikwa nalo. Aionyeshe?

"Haya, mwanangu," Bi Radhiya alisema, na sauti ilishaanza kulainika. "Nnakusubiri."

Msema kweli mpenzi wa Mungu, ndivyo tunavyofundishwa kwenye chuo cha Kurani. Ya baada yake hatufundishwi. Akampa simu.

Bi Radhiya aliisogeza karibu na macho, akasoma, akarudia kusoma. Kisha akautazama ule uso unaocheka, akautazama sana.

"Kweli hukutoka," alisema. "Kwa hilo nisamehe."

Akainuka, akafika mlangoni, akasimama bila ya kugeuka.

"Bora ungeniacha niamini ulitoka."