Kilo Kumi na Tatu

Katika ukoo wetu mchekeshaji ni mimi. Ukinenepa, habari unaipata kwangu kabla ya kioo chako. Ndiyo maana Ami Marhoon alipoandika kwenye kundi la familia kwamba anataka uzito wa kila abiria, nikajua leo nimepatikana.

Ami ana kindege cha viti vinne. Alikuwa ampeleke dada yake, Shangazi Nasriya, Khasab, kaskazini kabisa, ambako Noof, binti wa Shangazi, kajifungua mtoto wa kwanza. Ijumaa ndiyo siku ya saba, mtoto anyolewe, na Noof kaapa wembe hautomgusa mpaka bibi yake ampakate. Mimi nilijipenyeza kwa kisingizio cha kubeba begi.

"Wewe ndiye mtu wa mizani," Ami akaniandikia. Kweli, kazi yangu Rusayl ni kupima mizigo ghalani. "Wapime, uweke hesabu hapa. Usilete mzaha."

Nikaleta mizani sebuleni kwa Shangazi. Akapanda, macho juu darini kama anayengoja sindano.

"Usinitajie! Mwambie Marhoon tu."

Sabini na nane. Nikapanda na mimi. Tisini na mbili.

Tisini na mbili! Mimi, niliyempachika binamu yangu Anas jina la Kontena. Kundini mna watu arubaini, na kila mmoja nimeshamchoma kwa zamu yake. Basi nikaandika: Ghaith 79. Na kwa kuwa mtu wa mizani anajua jumla haichezewi, zile kumi na tatu nilizojivua nikamvika Shangazi. Nasriya 91. Jumla ile ile, ndege haianguki. Nikamalizia, "bila ya bangili." Kundi zima likacheka. Shangazi naye akatuma kicheko, kimoja tu, kidogo.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tushakaa ndegeni, Shangazi kafunga mkanda na begi la mtoto mapajani, Ami akaja na karatasi yake.

"Upepo umegeuka, utatupiga usoni njia nzima. Nnahitaji mafuta zaidi, na mafuta yana uzito. Lazima nishushe kilo themanini na tano. Ghaith, utabaki."

Haki kabisa. Nikaanza kujifungua mkanda. Ami akatazama karatasi.

"Wewe sabini na tisa. Begi kilo nne. Themanini na tatu. Haitoshi."

"Ami, kilo mbili tu!"

"Mbili za nani? Kule tunapita juu ya majabali matupu, hakuna pa kutua hata kunguru."

Hapo ndipo pa kusema. Maneno mawili tu: nilidanganya, Ami. Badala yake mimi, nisiyekosa neno hata matangani, nikaukaza tena mkanda.

Shangazi akajifungua mkanda.

"Si mie hapa, na mwili wote huu?" akasema, akijitia kucheka. "Nimejiachia, nnajua mwenyewe. Nenda wewe, mwanangu, unipelekee begi."

"Dada, safari yako hii," Ami akasema. "Tungoje kesho."

"Siku ya saba ni leo. Mtoto asikose mtu wa kwao."

Akashuka akishikilia bawa, akavuta ushungi hadi puani, kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake.

Tukaruka. Nyuma yangu kiti chake kitupu, na kifungo cha mkanda kikigonga chuma, tik, tik, safari nzima. Kufika kaskazini, ardhi ikawa milima ya kijivu iliyokunjana kama nguo zisizopigwa pasi, na bahari imeingiza vidole vyake katikati. Mahali pamoja niliona nyumba moja pembeni ya maji, haina njia ya kuijia wala ya kuitoka. Simu ya kupigia video ilikuwa mkononi. Sikuiwasha.

"Mbona kimya?" Sauti ya Ami kwenye vipokea sauti. "Unataka kutapika?"

Nikamwambia. Yote, mpaka bangili.

Hakunitazama. Alichukua kalamu, akaikata 79, akaandika 92. Akaikata 91, akaandika 78. Akapiga hesabu: tuliruka na kilo saba za ziada, ila mafuta tuliyokwisha kuyachoma yameshazifuta.

"Ungebaki wewe," akasema, "ningekuwa nnaye hapa."

Basi. Akaikunja karatasi, akaongoza ndege mpaka Khasab.

Noof alitupokea mlangoni, mtoto kifuani na kofia ndogo ya sufu kichwani. Akatazama begi, akanitazama mimi, halafu akalichungulia gari nyuma yangu.

"Mama bado anavaa viatu?"

Ami akanigeukia, akangoja. Nikamwambia Noof, mlangoni pale pale, na shemeji zake wanasikia. Hakunitukana. Aliivuta kofia ya mtoto ikafunika masikio, akamwambia mumewe arudishe wembe kabatini.

"Alfajiri nnarudi kumchukua mama yako," Ami akamwambia. Kwangu akasema, "Wewe utarudi kwa feri."

Nikakaa barazani, nikafungua kundi. Niliandika na kufuta mara tatu, kwa sababu kila mara kidole kilitaka kumalizia kwa kichekesho. Mwisho nikatuma: Ghaith 92. Shangazi Nasriya 78. Nilimtwika kilo zangu, ndiyo maana kabaki.

Watu arubaini wakasoma. Hakuna aliyecheka, hata Anas.

Baada ya muda ikaingia sauti ya Shangazi. Niliogopa kuifungua. Sekunde nne tu.

"Ushakula, mwanangu?"