Kona ya Mjane

Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye uwanja wa mbio za magari, na walimpenda kwa sababu ya mdomo wake. Majukwaa, vibanda vya mafundi, mstari wa kuanzia mbio, vyote alijua kuvitia chumvi. Lakini kilichowavunja watu mbavu ni Kona ya Mjane, pale barabara inapokata ghafla.

"Uwanja ulipojengwa," alikuwa akisema, "kulikuwa na bibi mmoja mjane, kichwa ngumu. Alikaa mbele ya tingatinga akatukana mpaka dereva akazima injini. Wahandisi wakaona isiwe tabu, wakaipinda barabara." Kisha alishika kiuno, akapinda mgongo, akachechemea juu ya lami akitoa matusi.

Mama mkwe alipokuja kuwatembelea, mkewe alimwambia, "Mpeleke mama akaone unapofanya kazi." Alifurahi. Miaka yote ya ndoa alihisi mama huyo bado anampima. Alipiga pasi shati, akamkalisha kiti cha mbele kwenye gari la wageni, na walipofika konani alichechemea kuliko siku zote. Wageni walishika matumbo. Mama mkwe alitazama ng'ambo ya uzio, palipoota nyasi.

Walipobaki wawili alimwuliza, "Mama, umechoka?"

"Hapana, mwanangu. Hadithi ile ulipewa na nani?"

"Wafanyakazi wa zamani. Walikuwa wakimwona anakuja kusimama uzioni siku za mbio. Matusi nimeongeza mwenyewe."

Mama mkwe alijifunga mtandio vizuri. "Mama yangu hakutukana mtu. Hakuwa na sauti hiyo. Na barabara ilichorwa hivyo tangu mwanzo, haikupindwa kwa ajili yetu. Walikuja kubomoa nyumba yetu kabla ya siku waliyosema. Mama akarudi ndani kutoa cherehani, ukuta ukamwangukia mguu. Mimi nilikuwa nje, nimembeba mdogo wangu."

 Joto lilimpanda mkwewe shingoni hadi masikioni.

"Alikuwa anakuja kufanya nini pale uzioni?" aliuliza.

"Kuangalia palipokuwa kwake."

Nyumbani mkewe aliuliza matembezi yalikuwaje. "Amenizungusha kote," mama akajibu, akaishia hapo. Heri angemsema. Mume alikula ameinamia sahani. Kesho yake, akimbebea mkoba kwenda kituoni, alimwomba radhi.

"Nimesikia, mwanangu," alisema mama mkwe, akapanda basi.

Tangu hapo, konani alieleza tu kwamba palikuwa na nyumba, na mwenye nyumba aliumia ilipobomolewa. Wageni wakatoa simu zao, wakaanza kuzichezea. Haikupita wiki, meneja akamwita.

"Mbona ile kona umeipoza? Watu wanakuja kucheka."

"Sitaweza tena, bosi."

"Basi kaa dirishani ukate tiketi."

Kutembeza wageni akapewa mwenzake, aliyejifunza kazi kwake. Siku ya kwanza tu, akiwa anarudisha chenji, alisikia kicheko kikilipuka upande wa kona. Alisimama achungulie. Mwenzake hakuacha kitu. Hata kiuno alikishika vilevile alivyofundishwa.

"Kuna nini kule kinachochekesha hivyo?" aliuliza mama mmoja dirishani.

"Sijui," akajibu, na hakuweza kumtazama usoni.