Futikamba Chini ya Maua

Mtaa wetu huamka taratibu, kama mtu aliyeota vizuri na hataki kuachia shuka. Ukungu hupanda kutoka bondeni, ukapita bustani moja hadi nyingine, na kwa muda nyumba zote huwa hazina miguu. Unaona mapaa yanaelea. Unaona mkono unaanika nguo, mwenye mkono humwoni. Asubuhi ya namna hiyo ndiyo tulimwona mdogo wangu akizika.

Mdogo wangu ni mshonaji. Nyumba yake inapakana na yangu, katikati kuna uzio wa mimea unaonifika kifuani. Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa mpima ardhi. Alistaafu, lakini ardhi haikumstaafu. Kila siku alitoka na futikamba yake ya chuma, ile ndefu inayojikunja ndani ya kibweta cha ngozi, akapima uzio wa huyu na ngazi za yule. Alimpima hata mbwa wa Daktari wa Meno, akamwambia mwenyewe kwamba jioni kivuli cha mbwa kinavuka mpaka. Mtaa mzima ukamwita Kipimo, naye akalipokea jina hilo kama nishani.

Sasa kuna jambo la mtaani kwetu lazima ulijue. Sisi hatuulizani. Ukimsikia jirani analia, huendi kumuuliza kulikoni; unampitishia kitu juu ya uzio. Kipande cha sabuni, sukari kikombeni, mche wa maua, chochote. Akipokea, yameisha. Mama Mapazia, yule anayebadilisha mapazia kila siku kama anayevalisha mtoto, alipofiwa na mumewe alipitishiwa mabakuli mengi hata yakamkosesha pa kukaa. Ni adabu nzuri, nasema hivyo mpaka leo, ila ina mashimo yake.

Basi, asubuhi hiyo mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba na jembe, gauni la kulalia limechafuka udongo hadi magotini. Alichimba, akaweka kitu, akafukia, akakanyagakanyaga. Kisha akanyoosha mgongo akapumua kama aliyetua mzigo wa kuni. Mimi nilimwona kutoka dirisha la jikoni. Daktari wa Meno alimwona kutoka barazani kwake. Mwalimu wa Kwaya alikuwa juu ya ngazi anapogoa miti, akabaki na mkasi wazi hewani. Na tangu asubuhi hiyo Kipimo hakuonekana tena.

Hatukuuliza.

Nilimpitishia gauni safi juu ya uzio. "Nipe hilo nikufulie."

Akanipa. "Dada, ameondoka."

"Najua."

"Sidhani kama atarudi."

"Hatarudi, mdogo wangu. Ondoa shaka."

Machozi yakamlenga. "Na mimi naona hivyohivyo," akasema, akaingia ndani.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mtaa wetu ukaamua kufaa. Daktari wa Meno alistaafu zamani, lakini dirishani kwake bado amepanga meno ya plasta, meno ya wateja wake, yanawachekea wapita njia. Alikuja na gunia la unga wa plasta begani. "Udongo wa hapa una unyevu mbaya, mama," akamwambia mdogo wangu. "Hii inakausha kila kitu." Akaimwaga mwenyewe palepale palipochimbwa, akaimwagia maji, akarudisha udongo juu. Mwalimu wa Kwaya akafuata na miche ya maua. Aliipanda akiimba kwa sauti ya puani wimbo wa mazishi, ila aliuharakisha ili usijulikane. Mama Mapazia alichukua jembe lenye udongo akaacha jipya.

"Lile limechoka," alisema. Halafu, kwa vile macho yake hayakosi kitambaa, akaongeza, "Ile nyumba tupu nyuma yenu imepata pazia. Limetundikwa na kipofu."

Nani alikuwa na nafasi ya mapazia ya watu?

Jioni mdogo wangu alikaa jikoni kwangu, kikombe mikononi. "Sikujua mtaa huu unanipenda hivi. Kuachwa ni aibu, dada, lakini hakuna hata mmoja aliyenisimanga. Mpaka plasta wameniletea."

Nikamtazama. Alisema "kuachwa" bila kupepesa jicho. Nikajisemea moyoni, hadithi ni nzuri, aishike hiyohiyo asiibadilishe. Nilimwonea fahari kidogo, na fahari yenyewe ikanitia baridi.

Siku zikapita polepole, maua yakashika. Yalishika vizuri kupita kiasi, tukawa tunayatazama kisha tunatazamana.

Ndipo dada yake Kipimo akaenda kushtaki kwamba kaka yake haonekani, na mpelelezi akaja. Alikuwa mtu mpole mwenye mafua, leso haimtoki mkononi. Alipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikamsaidia mdogo wangu kadiri ya uwezo wake. Daktari wa Meno alimwona Kipimo siku ile akisubiri basi, na kofia nyeupe. Mwalimu wa Kwaya alimwona saa hiyohiyo kwa kinyozi. Mama Mapazia alimwona akipanda treni na kuku kwapani. Mimi nilisema alipita kwangu kuniaga, akalia sana.

Mpelelezi alipiga chafya, akakunja leso yake kwa makini. "Bibi, mtu huyu kaonekana sehemu nne kwa wakati mmoja. Mtu wa hivyo ama ni malaika ama ni maiti."

"Kwani malaika wameisha, mwanangu?"

"Hawajaisha. Mtaa huu peke yake nimekutana nao wanne." Akasimama. "Kesho nachimba pale kwenye maua. Nikikuta ninachodhani, naondoka na mdogo wako, na harudi."

Nilikaa mahali palepale mpaka chai ikaota utando. Kisha nikafanya kitu kisichofanywa kwetu. Sikwenda kwenye uzio. Nilizunguka, nikapita mlangoni.

Mdogo wangu alikuwa kwenye cherehani, anashona upindo wa shuka.

"Mdogo wangu, chini ya maua kuna nini?"

Cherehani ikanyamaza. Akaniangalia, nikaona anaunganisha vipande: plasta, jembe, gauni nililolifua mara mbili.

"Na wewe, dada?"

Nikatazama upindo wa shuka.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafunika uso kwa shuka, na alipoufunua hakuwa anacheka tena. "Futikamba. Nimezika futikamba. Niliamka nikamkuta ameinama juu yangu ananipima. Ananiambia nimevuka nusu yangu ya kitanda. Nikangoja aende kuoga, nikaichukua. Alipojua, akasema bila futikamba yeye si mtu, akatoka."

"Akaenda wapi?"

"Sikuuliza. Na mimi ni wa mtaa huu."

"Basi twende tukamwambie mpelelezi."

"Atasadiki?" Akakata uzi kwa meno. "Nyinyi mmeshamzika vizuri."

Asubuhi ukungu ulikuja mzito, ukakaa bustanini kama mgeni aliyewahi nafasi. Majirani walikuja na viti vyao. Wachimbaji waling'oa maua, wakagonga plasta iliyokuwa ngumu kama mwamba, wakaipasua. Na ndani ya plasta, meupe, yamejipanga, meno ya juu yote yanatucheka.

Hata mbwa alirudi nyuma.

"Hayo ni ya mteja wangu," alisema Daktari wa Meno. "Yalikuwa guniani humo. Mteja mwenyewe mzima, anatafuna mpaka mifupa."

Mpelelezi alimtazama kwa huruma, kama umtazamavyo mtu anayeleta ushahidi wa tano. Akamshika mdogo wangu mkono juu ya kiwiko. "Mama, twende."

"Nizime pasi kwanza," akasema mdogo wangu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimshika mkono wa pili, na hivyo tukawa tumemshika wawili, mmoja wa kumpeleka na mmoja wa kumbakiza.

"Subiri, niandike ukubwa wa shimo," mpelelezi akamwambia askari wake. Akaanza kutembea pembeni mwa shimo, mguu mbele ya mguu. "Hatua mbili na robo..."

Juu, katika ukungu, dirisha likafunguka kwa kishindo.

"Hatua za nani?"

Tuliinua nyuso. Ilikuwa ile nyumba tupu. Pazia lililotundikwa na kipofu lilivutwa kando, na kichwa cha Kipimo kikatokea, ndevu zimemwota.

"Unapima kwa miguu, na miguu yenyewe mifupi? Hiyo si kazi, huo ni mchezo wa ngoma. Usiandike. Nakuja."

Akaja. Alipenya kwenye uzio akiwa na majani nyweleni na shati alilotoka nalo. Mpelelezi aliachia mkono wa mdogo wangu bila kujua. Mwalimu wa Kwaya aliketi chini, karibu na kiti chake lakini si juu yake. Sijui niseme tulifurahi. Tulikuwa tumeshamzoea marehemu.

"Umekaa huko juu siku zote hizi?" akauliza mdogo wangu.

"Nilitaka nione mtanililia vipi." Akatutazama mmojammoja. "Mlipanda maua."

"Uliniona ninashikwa mkono?"

"Niliona."

"Hukutoka. Ilipotajwa hatua, ukatoka."

Mdogo wangu akaingia shimoni mwenyewe, akafukua kwa vidole chini ya plasta, akatoka na kibweta cha ngozi kimevimba kwa unyevu. Akakiweka kiganjani mwa mumewe.

"Haya. Pima."

Mkono ulishazoea. Alivuta futikamba, ikalia kwa kutu, akailaza ndani ya shimo, akasoma. "Fupi," akasema. "Mtu wa urefu wangu angekunjwa magoti." Ndipo akasikia alichokisema. Futikamba ikajirudisha yenyewe mkononi mwake, chap.

Mwalimu wa Kwaya aliokota mche mmoja wa maua ulioponea, akampitishia juu ya shimo. Kipimo aliutazama, akaupokea. Na kwetu ukipokea, yameisha. Mpelelezi alitaka kuuliza kitu, nikampa chai.

Kipimo anakaa bado ile nyumba tupu, sasa amepanga kihalali, na Mama Mapazia amemtundikia pazia upya. Hapimi tena mtaani. Shimo halikufukiwa, kila mmoja anadhani mwenzake atalifukia. Asubuhi hujaa ukungu mpaka ukingoni kama bakuli la maziwa, na Kipimo akipita hapo hulizunguka kwa mbali, kofia mkononi.

Mdogo wangu hayuko dirishani kumwona. Saa hizo bado amelala, katikati ya kitanda, mikono ameitanua huku na huku.