Vareniki za Zlatka

Ilikuwa siku ya nane tangu mama yake Lesya azikwe huko Poltava, na Lesya hakuwa amekula chochote cha maana. Alikunywa chai, akatazama dirisha, na jana yake akauliza basi la kwenda kwao huondoka Plovdiv saa ngapi. Kama angerudi tena huku, hakusema. Zlatka, mama mkwe wake, hakumuuliza kwa sababu aliliogopa jibu. Plamen, mume wa Lesya, alikuwa dereva wa lori, na mwaka mzima yuko Ujerumani; nyumbani walibaki wanawake hao wawili, na Zlatka alimpenda mkamwana wake kuliko alivyowahi kukiri mbele za watu.

Kwa miaka sita walishindwa kupatana katika jambo moja tu. Huku Plovdiv mtu hutikisa kichwa akikubali. Kwa kina Lesya ukitikisa umekataa, na Lesya hakukubali kubadilika. Zlatka ndiye aliyejifunza kumsoma.

Basi akaamua kumpikia vareniki, vile vifuko vya unga vya kwao vyenye viazi ndani, vinavyochemshwa. Unga ulikuwepo. Lakini kwenye friji zilikuwepo pakiti tatu za manda, zile chapati nyembamba za kufungia banitsa, pai ya jibini ya huku, na katika nyumba ile kila kinachofungwa, tangu jibini hadi maboga, hufungwa kwa manda. Kusukuma unga na manda zipo aliona ni kujitafutia kazi.

Jirani yake Radka, aliyekuja kuazima sufuria akabaki kutazama, alimwonya.

"Shoga, manda hazichemshwi."

"Umewahi kuzichemsha?"

"Sijawahi."

"Basi nyamaza."

Akafunga vifuko thelathini, akavitumbukiza kwenye maji ya moto. Baada ya dakika mbili kulikuwa na uji wa viazi wenye matambara. Radka akachungulia, akachukua sufuria yake ya kuazima, akaenda zake bila neno. Zlatka aliumia kuliko kama angesemwa.

Lesya akaingia jikoni.

"Hiki nini, mama?"

"Vareniki."

Lesya alichota kwa mwiko, akatazama. "Mama'ngu angekucheka mpaka akae chini."

"Na angekuwa na haki. Kaa wewe, basi."

Zlatka akampakulia, akatia siagi na mtindi. Lesya akaonja kijiko kimoja, kisha cha pili, mwisho bakuli likawa tupu.

"Nikuongeze, mwanangu?"

Lesya akatikisa kichwa.

Zlatka akalichukua bakuli, akalipeleka kwenye sinki, akafungua bomba na kumpa mgongo ili uso wake usionekane.

"Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Nitakufungia mkate wa njiani."

"Bakuli langu unalipeleka wapi?"

"Si umekataa?"

"Nimetikisa."

"Nimeona."

"Mama, nimetikisa kama nyinyi."

Zlatka akafunga bomba. Akapakua yote yaliyobaki sufuriani, matambara na vyote, akasimama na bakuli mkononi, machozi yakimdondoka ndani yake.

"Lete," alisema Lesya. "Chumvi imetosha."